Hotuba Iliyopakiwa Kama Lori

KITINDA: Haloo? Ni nani mwenye dharura?

BABA: Ni mimi, baba yako. Hujambo, mama?

KITINDA: Shikamoo, baba. Nani amekufa?

BABA: Marahaba. Hajafa mtu.

KITINDA: Matroni wa bweni amenitoa bafuni na povu kichwani. Anasema familia ina dharura. Nimeshapanga uso wa msiba, sasa niupeleke wapi?

BABA: Dharura ipo. Saa sita tunamuaga Dereva, anastaafu. Bosi ameniambia nitoe hotuba ya dakika tano.

KITINDA: Basi dharura ni ya watakaokusikiliza. Uko wapi?

BABA: Bohari, nimejificha nyuma ya magodoro. Wewe si ndiye mkuu wa chama cha mdahalo? Nisaidie.

KITINDA: Kikao kimefunguliwa. Mheshimiwa, umeandika wapi?

BABA: Kwenye zile lebo tunazobandika kwenye maboksi ya vyombo tukihamisha watu.

KITINDA: Zilizoandikwa "Kioo, shika polepole"?

BABA: Nyuma yake ni nyeupe. Mwanzo ninao, salamu kwa wote. Mwisho ninao, kwaheri na afya njema. Kinachonisumbua ni hapa kati—

KITINDA: Kiini.

BABA: Hicho. Nina lebo saba, na kila nikizisoma zinakwenda shaghalabaghala.

KITINDA: Soma.

BABA: Moja, Dereva ni mcheshi. Mbili, Dereva hupuliza chai hata ikiwa baridi. Tatu, siku tulipopitisha friji dirishani, ghorofa ya tatu, mwenye nyumba amefumba macho. Nne, alivyonifundisha kubeba kwa magoti badala ya mgongo. Tano—

KITINDA: Ngoja. Umezipanga kwa kufuata nini?

BABA: Uzito.

KITINDA: Uzito?

BABA: Kama ninavyopakia lori. Kizito ndani kabisa, karibu na kabini. Vyepesi mlangoni.

KITINDA: Na mkifika kwa mteja, kinashuka nini kwanza?

BABA: Kilicho mlangoni, bila shaka. Huwezi kuruka mito ya kulalia ukakifuate—

KITINDA: Kwa hiyo watu watashushiwa mito na mapazia dakika nne nzima. Na kile kizito?

(Mtandao unakwaruza.)

BABA: Muda ukibaki, kitashuka.

KITINDA: Bosi anakuwa na saa mkononi?

BABA: Haivui hata akinawa.

KITINDA: Baba yangu mpakiaji, miaka ishirini na mbili kazini, leo umepakia mzigo ili usishuke.

BABA: Usinichezee akili, mtoto wewe. Nipangie.

KITINDA: Haya. Tupange kwa miaka. Ndiyo njia nyepesi, kila jambo linajua mahali pake. Mlianzaje?

BABA: Mwaka wa kwanza kazini nilikuwa naogopa hata ngazi. Ndipo aliponifundisha kubeba.

KITINDA: Lebo ya nne inakuwa ya kwanza. Halafu?

BABA: Friji. Huo ni mwaka wa saba.

KITINDA: Chai weka hapohapo, watu wapumzike. Endelea.

BABA: Mwaka wa kumi na tano, mafuriko. Aliendesha lori lenye vitanda vya hospitali, maji yamefika taa. Sisi tulikuwa juu tunaomba, yeye anaimba.

KITINDA: Hiyo ni nzuri. Anaimba vizuri?

BABA: Vibaya mno. Ndiyo maana tuliomba zaidi.

KITINDA: Itunze hiyo, watacheka. Halafu?

BABA: Halafu leo anastaafu. Basi.

KITINDA: Kutoka mwaka wa kumi na tano mpaka wa ishirini na mbili? Mmelala njiani?

BABA: Ilikuwa kazi ya kawaida.

KITINDA: Baba, hapo pana shimo la kuingia lori zima. Lebo ya saba inasemaje?

BABA: Haisomeki.

KITINDA: Umeiandika kwa mkono wako.

BABA: Sikusikii vizuri. Mtandao—

KITINDA: Mtandao umetulia kuliko wewe. Kwanza nieleze, mbona hupendi tufike huko? Dereva anastaafu kama nani? Si miaka mitatu sasa yuko getini, anaandika namba za magari?

BABA: Unakumbuka kabati la vioo la yule mama mwalimu?

KITINDA: Lililoanguka kilimani. Dereva alikanyaga breki ghafla, akanyang'anywa usukani.

BABA: Hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

KITINDA: Na ilikuwaje?

BABA: Kufunga kamba ni kazi ya mpakiaji. Nilikuwa na haraka siku ile, nikasema nitaifunga tukifika kona. Nikasahau. Bosi alipouliza kama tulifunga, nikasema tulifunga.

KITINDA: Ulisema wewe.

BABA: Nilisema mimi. Dereva alikuwa amesimama pale, hakutoa neno.

KITINDA: Na hiyo ndiyo lebo ya saba.

BABA: Cheka basi, mkuu wa mdahalo.

KITINDA: Sicheki. Nina povu jichoni.

BABA: Niiweke wapi, mama? Mwisho?

KITINDA: Mwisho bosi atakukata, nawe utashukuru. Iweke baada ya mafuriko. Watakuwa bado wanakumbuka anavyoendesha. Umwambie bosi mbele yao kwamba mtu yule hakukosea breki.

BABA: Bosi anaweza kunifuta kazi.

KITINDA: Anaweza.

BABA: Hata hunidanganyi kidogo?

KITINDA: Nitakudanganya likizo. Matroni anagonga, anataka simu yake.

BABA: Kitinda, amekuja. Anapita hapa kwenye magodoro. Amevaa tai, imempinda.

KITINDA: Dereva?

BABA: Huyo. Nisikilize, hii siwezi kumsomea ukumbini kama mgeni. Nimwambie yeye kwanza.

KITINDA: Basi mwambie. Ninangoja.

BABA: Salio langu—

KITINDA: Mwambie, baba.

BABA: Dereva, bwana. Njoo kidogo. Hapana, kaa, kaa hapo juu ya godoro. Naongea na binti yangu, anakuamkia. Sikia. Lile kabati la mama mwalimu. Kamba sikuifunga. Hukukosea wewe, nilikosea mimi, nikadanganya.

(Sauti ya Dereva kwa mbali. Mtandao unakwaruza.)

BABA: Unajua? Unajua nini? Uliikuta kamba bado imezungushwa kwenye ndoano? Siku ileile?

KITINDA: Baba, anasema nini?

BABA: Alikuwa anafagia vioo, akaiona. Sasa kwa nini ulinyamaza, bwana? Miaka mitatu unaandika namba za magari—

(Mtandao unakatika, unarudi.)

KITINDA: Baba? Amejibuje?

BABA: Anasema—

KITINDA: Sikusikia.

BABA: Anasema wiki ile ndiyo nilikuwa nakupeleka bweni. Anasema aliona sanduku lako jipya ndani ya kabini, akawaza nikifutwa mimi, ada yako—

(Mlio wa salio kwisha.)

KITINDA: Baba? Usikate. Mpe simu. Baba, mpe Dereva simu.