Bi Kaczmarek Hakuchanganya Vioo

Alhamisi, tarehe 31 Agosti 2023, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Bi Roswitha Kaczmarek atatundika koti lake jeupe kwa mara ya mwisho katika maabara yetu hapa Gelsenkirchen. Jamani, nani sasa atawarudisha mlangoni waliojimwagia manukato?

Aliingia kazini Septemba 1987, fundi wa maabara, binti wa mchimba makaa aliyefuga njiwa wa mashindano, wale wanaoshindana kuruka hadi nyumbani, naye huwafuga mpaka leo. Kazi yake ilikuwa kukata vinyama vya wagonjwa vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuvibandika juu ya vioo, kisha kuvitia dawa ya rangi. Mikono yake haikutetemeka hata siku aliyopata mjukuu. Kila Alhamisi alileta keki, ya plamu msimu wa plamu, ya tufaha plamu zikiisha, na aliyechelewa alikula makombo. Hata profesa alikula makombo.

Mwaka 2006 tulikuwa tunachunguza vipokezi vya harufu, vile vidude vinavyoiwezesha pua kutambua hili ni waridi na huyu ni samaki aliyeoza. Siku moja vioo vya uvimbe wa saratani ya kibofu vikatoka na madoa ya kahawia, alama kwamba vipokezi hivyo vimo. Loo, kibofu nacho kinanusa? Daktari mmoja kijana, juzi tu katoka chuoni, akaamua kwamba Bi Kaczmarek amechanganya vioo vya kibofu na vile vya pua, ambavyo huwekwa kando kuhakikisha dawa inafanya kazi. Hakumuuliza. Alimwandikia barua ya onyo, na onyo jingine lingemtoa kazini.

Bi Kaczmarek aliisoma akiwa amesimama, akaikunja.

"Daktari," alisema, "kwetu njiwa hatambuliwi kwa manyoya, anatambuliwa kwa pete ya mguuni. Vipe vioo namba wewe mwenyewe, majina uyafungie kabatini. Mimi nitapaka rangi bila kujua kipi ni kipi. Nikikosea, naondoka mwenyewe."

Alitengeneza vioo sitini kwa wiki tatu. Wiki hizo keki haikuja, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Majina yalipotolewa kabatini, madoa yote yalikuwa kwenye uvimbe. Vioo vya vibofu visivyo na ugonjwa vilikuwa safi. Daktari alitamani ardhi ipasuke immeze.

Vioo hivyo ndivyo vilivyotufanya tuanze kutafuta alama za vipokezi kwenye mkojo, ili siku moja mgonjwa agunduliwe mapema bila kuingizwa kamera kibofuni. Bado ni utafiti tu, lakini njia aliifungua yeye. Makala yetu ya kwanza ilitoka na majina saba ya waandishi. Lake halikuwamo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yule daktari kijana ni mimi, Joachim Terhorst, ninayeandika wasifu huu. Barua niliichomoa kwenye faili kimyakimya, nikajiona muungwana. Samahani sikuitamka, miaka kumi na saba, na kila Alhamisi niliendelea kula keki yake. Bi Kaczmarek, hukuchanganya vioo. Niliyekosea ni mimi, na ninaona haya.

Hapa kwetu mtu haitwi jina lake la kwanza mpaka mkubwa aruhusu. Wenzangu wote aliwaruhusu zamani, nikabaki mimi peke yangu. Jumatatu nilimpelekea maneno ya hapo juu ayaone kabla hayajachapwa. Aliyasoma akiwa amesimama, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Umechelewa mno, Daktari," alisema. "Haya, Alhamisi keki utakata wewe. Na hayo mambo ya Bi Kaczmarek yaishe. Naitwa Roswitha."

Asante kwa kila kioo. Njiwa wako warudi salama, miplamu izae, na barua zote utakazopata kuanzia sasa uzisome ukiwa umeketi, Roswitha.