Karai la Nyongeza la Bi Kokoto

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko njiani, tafuta pa kusimama. Leo tunamkumbuka mponda kokoto. Hakuwa na cheo, na picha yake haikupata kutundikwa ukutani mwa ofisi yoyote. Machimboni walimwita Bi Kokoto, na mimi nitamwita hivyo hivyo, maana mdogo wake aliyenisimulia habari hizi aliniomba nisimpambe.

Nasema tena. Bi Kokoto, mponda kokoto, mama wa binti mmoja. Hilo la binti mmoja lishikeni vizuri.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi wetu tunalala ndani ya nyumba za zege na hatujui zege limetoka wapi. Bi Kokoto aliketi chini, miguu ameinyoosha, kitambaa amejifunga hadi puani. Mbele yake aliweka pete iliyokatwa kwenye tairi chakavu. Jiwe analitia ndani ya pete, nyundo inashuka, vipande havirukii macho. Baadaye anayamwaga mawe yaliyopondwa kwenye chekeche la waya lililoegemezwa kwenye gogo. Makubwa kama ngumi yanabaki juu, hayo ni ya kushindilia chini ya sakafu. Yanayolingana na ncha ya kidole gumba ni ya zege, la nguzo, la linta, la dari ya ghorofa. Madogo kama punje za mahindi ni ya matofali ya saruji na ya kumwagwa kwenye vijia ili watu wasikanyage tope. Hata vumbi lake halitupwi, mafundi wanalitaka.

Kuna desturi moja pale machimboni, na bila hiyo hamtanielewa. Mteja akinunua kokoto, hupewa karai moja la nyongeza juu ya alichonunua, ili arudi tena. Mteja husimama kando. Ndugu haongezwi kitu. Ndugu anapanda juu ya lundo, anakaa, anachukua anachotaka. Nyongeza ni ya mteja. Lundo ni la ndugu. Ndivyo walivyo wale wanawake tangu zamani.

Basi yule binti alipokuwa mdogo, akitoka shule alikwenda moja kwa moja machimboni, akavua viatu na kukaa juu ya lundo la mama yake. Huko shuleni walikuwa wakifundishwa Kiingereza na Kifaransa. Mdogo wa marehemu anayakumbuka mazungumzo yao, na aliniigizia sauti zote mbili.

"Mama, hii kwa Kiingereza ni graveli."

"Na kwa Kifaransa?"

"Gravye."

"Hizi ndogondogo je?"

"Kiingereza, chipingi. Kifaransa, graviyo."

"Graviyo. Hiyo tamu mdomoni. Na yale mawe wanayotandaza chini ya reli?"

"Balasti."

"Kwa lugha ipi?"

"Zote mbili, mama."

"Basi hapo waliazimana, wakasahau kurudisha."

Wakacheka mpaka nyundo za jirani zikasimama. Tangu siku hiyo Bi Kokoto akawa anawapokea madereva wa matipa kwa maneno yake. Leo nina gravye safi, leo graviyo zimeisha. Madereva walimtania, wakimwita profesa. Yeye alijibu, "Profesa ni mwanangu. Mimi ni ubao wake."

Binti alisoma, akafika mbali. Akawa mkalimani. Ikaja kampuni kujenga hospitali, ile kubwa yenye sakafu inayong'aa. Mkubwa mmoja wa kampuni alisema Kifaransa, mwingine Kiingereza, na katikati yao akakaa binti wa Bi Kokoto, akiwa na sketi iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni.

Na kokoto za hospitali hiyo, wasikilizaji wapendwa, nyingi zilitoka kwenye lundo la mama yake.

Siku moja Bi Kokoto alipanda tipa, akaandamana na mzigo wake mwenyewe. Mdogo wake alimuuliza, "Dada, unafuata nini kule? Dereva si anatosha?" Akajibu, "Nataka wale wakubwa wajue aliyemzaa." Hilo tu ndilo alilotaka. Alioga, akavaa gauni lake la mikutano. Vumbi la kwenye nyusi, hilo halitoki hata kwa sabuni ya kipande kizima.

Alimkuta binti yake amesimama na wale wakubwa karibu na mashine ya kuchanganyia zege. Bi Kokoto akawasalimu. Akaokota kokoto mkononi, akawaonyesha. "Graveli," akamwambia mmoja. "Gravye," akamwambia mwingine. Wale wakubwa wawili wakafurahi sana. Mmoja akamuuliza mkalimani, huyu mama ni nani, na nani amemfundisha?

Binti akajibu kwa lugha moja, akajibu kwa lugha ya pili. Kisha akamgeukia mama yake, kwa Kiswahili hiki tunachozungumza mimi na wewe: "Mama muuzaji, asante. Subiri nje ya uzio, utaitwa."

Mama muuzaji.

Bi Kokoto alisubiri nje ya uzio. Dereva wa tipa, aliyekuwa anajua Kiingereza cha kutosha, ndiye aliyemweleza wakati wa kurudi. "Amewaambia wewe ni muuzaji wa kokoto, na maneno umeyaokota kwa sisi madereva." Dereva alitegemea matusi au kilio. Bi Kokoto alitazama barabara tu. Walipokaribia machimbo akasema, "Punguza mwendo, utamwaga vumbi kwenye nguo za watu."

Binti alikuja machimboni baada ya siku chache, peke yake, na gari la kampuni. Mdogo wa marehemu alikuwa pale, nyundo mkononi. Anasema binti alitaka kupanda kwenye lundo akae, kama zamani. Mama yake akainua mkono.

"Utachafua sketi, madamu. Wateja husimama pale."

"Mama, jamani. Nilikuwa kazini."

"Najua. Na mimi niko kazini."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje, mbele ya watu kama wale?"

Bi Kokoto aliinuka. Alichukua karai, akalijaza kokoto za zege, zile nzuri zilizokwisha kuchekechwa, akalimwaga ndani ya buti la gari la kampuni. "Nyongeza yako hiyo," akasema. Akarudi kukaa, jiwe likaingia kwenye pete.

Binti aliondoka macho mekundu. Alirudi tena, na tena. Kila akija alipewa karai la nyongeza, kwa heshima zote, na hakukaribishwa kukaa. Na yale maneno, graveli, gravye, graviyo, hayakusikika tena kinywani mwa mama yake. Dereva akimchokoza, "Profesa, leo una gravye?" alijibiwa, "Nina kokoto. Unataka, hutaki?"

Ndugu walijaribu kusuluhisha. Mdogo wake alimwambia, "Dada, mtoto ni mtoto, meza mate yaishe." Jibu lake lilikuwa, "Nimemeza vumbi maisha yangu yote kwa ajili yake. Mate yamekauka."

Vumbi lilimjibu mwaka jana. Kifua kikabana. Wakampeleka hospitali, ile ile, maana nyingine iko wapi? Akalazwa chini ya dari ya zege la kokoto zake. Binti akafika akikimbia. Muuguzi alikuwa anapokea habari za mgonjwa, wodi imejaa watu. Akamuuliza, "Wewe ni nani wake?"

Binti akasema kwa sauti, wodi nzima ikasikia, "Ni mama yangu mzazi."

Bi Kokoto alikuwa macho. Akavuta pumzi, na kwa pumzi hiyo akasema, "Muuguzi, huyo ni mteja wangu. Mzuri tu. Hana tatizo."

Walipobaki wawili, mdogo wake alimnong'oneza, "Dada, si amesema? Si ndicho ulichokuwa unakitaka?" Marehemu akamjibu, "Amesema kwa muuguzi. Wale wakubwa wake walishapanda ndege."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yanayokumbukwa. Niliuliza kama niyaseme redioni. Mdogo wake alisema, yaseme. Binti nilimpigia simu, akasema, "Sema, bibi. Ni kweli."

Kaburi lilijengewa kwa kokoto za lundo lake mwenyewe, lile aliloliacha na pete ya tairi juu yake. Wanawake wa machimboni walichanganya zege wenyewe, kwa mabeleshi, hawakutaka fundi. Kazi ilipokwisha, kokoto zikabaki, kama za karai moja. Binti akauliza, "Mama mdogo, hizi zilizobaki ni za nani?"

Mama yake mdogo akamtazama. "Za mteja," akasema, akamsukumia karai kwa mguu.

Binti hakulichukua. Alikaa chini, pale pale penye vumbi, na ile sketi yake, karibu na kokoto. Akaokota moja, akaitazama. Midomo ilikuwa inacheza, lakini hakuna aliyesikia ilikuwa lugha ipi. Wanawake wakabeba mabeleshi yao wakaondoka. Hakuna aliyemwambia asimame, na hakuna aliyemwambia akae.

Wasikilizaji wapendwa, pole zetu zimfikie mdogo wa marehemu. Ziwafikie wanawake wa machimboni, waliofunga vitambaa puani hata sasa ninapozungumza. Na wewe binti, najua unasikiliza, pole. Mimi sikukuleta hapa kukuhukumu. Nina watoto, na nina mdomo unaoweza kukosea kama wako.

Ila nanyi wengine, kila mmoja pale alipo, ajiulize. Kama kuna mtu uliyemwita kwa jina la kazi yake, naye ndiye aliyekulea, nenda ukamwite vizuri. Mwite mbele ya wale wale waliosikia. Uende wangali hawajapanda ndege.