Hakupika Takwimu Hata Siku Moja

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Baada ya shule ya msingi alisoma sekondari ya bweni, na mwaka 1982 akapata shahada ya takwimu. Kazini aliingia kwa cheti chake, si kwa mgongo wa mjomba, jambo ambalo si wote waliokaa hapa leo wanaweza kulisema.

Idara ya takwimu ilimkabidhi utafiti wa matumizi ya muda. Watu hupewa shajara, wakaandika siku yao yote, tangu kuamka hadi kulala.

Tarehe 14 Desemba 1985 alimwoa mwalimu wa sekondari. Shajara ya majaribio aliijazia nyumbani. Jioni moja aliandika, "Napumzika." Mkewe alikuwa na mtoto mgongoni, sufuria motoni na madaftari ya wanafunzi mezani. Akamuuliza, "Na mimi, baba, utaniandika mstari upi?" Marehemu alicheka hadi akashika mbavu. Kesho yake akaongeza safu ya pili: "Na nini kingine ulikuwa unafanya?"

Safu hiyo ndiyo iliyomponza. Shajara ziliporudi, saa za kazi za akina mama, safu zote mbili zikijumlishwa, zilizidi siku yenyewe. Mkuu wa idara akamkaripia mbele ya makarani: "Siku gani hii isiyoisha, bwana? Umezipika hizi!"

"Nenda nyumbani kamuulize mama watoto," marehemu akajibu.

Akashushwa cheo, akapelekwa stoo ya karatasi. Jina la mpika takwimu limemfuata hadi msibani. Jana tu tumelisikia likinong'onwa nje ya turubai.

Basi na hili lisikike. Mwaka 2004 idara ilirudisha safu ileile, majibu yakawa yaleyale, na mkuu huyohuyo akayasoma mkutanoni kama jasho lake. Radhi hakuomba. Marehemu alistaafu mwaka 2018 bila kufuta hata mstari mmoja.

Februari mwaka jana alipatwa na kiharusi. Alifariki hospitalini Jumapili, tarehe 3 Agosti 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu wanne na dada yake mkubwa. Mkuu wa idara mstaafu ameomba kuzungumza leo. Familia imempa kiti. Kipaza sauti hapana.

Marehemu sasa anapumzika. Iwe kwa amani, na safari hii safu ya pili ibaki tupu.