Mjane Ambaye Hajaandikwa

Kwenye treni, mbele ya kiti changu, binti mmoja fundi cherehani alimlalamikia mama asiyemjua aliyeketi kando yake kwamba riwaya anayotaka kuiandika haianzi, kwa sababu hajamwelewa vizuri mhusika wake, mjane mwenye watoto wakubwa.

"Anataka nini huyo mjane?" mama akauliza.

"Amani tu."

"Amani waachie marehemu, mwanangu. Huyo anataka kuolewa."

"Watoto wake watasema nini, mama?"

"Watasema mpaka wachoke. Wangu wanasema tangu mwaka jana, na bado hawajachoka."

Nikageuza ukurasa wa gazeti ambalo sikuwa nikilisoma.

"Kumbe! Sasa wewe umeamuaje?" binti akauliza.

Treni ikasimama. Mama akainuka, akaweka mtandio sawa, akacheka kama msichana.

"Andika upesi, nione mwenzangu atafanyaje."