Mama Léocadie na Kurasa Zilizorudi

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema kwenu nyote mnaotusikia kuanzia Kalundu mpaka Kavimvira. Jioni njema kwenu wa barabara ya Bukavu, Bwegera na Luvungi, na ninyi wa milima ya juu, ambako sauti yetu hufika siku zisizo na mawingu. Mwenye sufuria motoni aisogeze kidogo, akae. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Rugenge. Jina lake Léocadie. Wengi wenu mlimwita Mama Apolline, kwa jina la binti yake. Alikuwa mchapaji wa vitabu. Nasema tena: mchapaji wa vitabu, mwanamke, hapa hapa Uvira, tangu kabla ya uhuru. Tulimzika juma lililopita.

Léocadie alizaliwa kwa wavuvi. Baba yake alivua ndagala, mama yake alizianika mchangani na kuzifukuzia kunguru. Masista walimfundisha kusoma. Alipokuwa msichana wakampeleka kwenye imprimeri ya misioni, nyumba ya matofali yenye mashini moja ya kuchapa, ya kukanyaga kwa mguu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona vitabu kwa uzi. Baadaye akafundishwa kupanga herufi. Herufi zenyewe zilikuwa za madini ya risasi, ndogo kama punje za mchele. Mpangaji alizipanga moja moja, kinyumenyume, mpaka neno likatimia.

Aliyemfundisha alikuwa kijana mrefu, mpole, jina lake Libérat. Mkono wa Libérat ulikuwa mwepesi, lakini jicho lake lilikuwa zembe. Herufi n aliigeuza juu chini ikawa u. Léocadie alimgombeza asubuhi, na jioni akamgombeza tena kwa kosa lile lile. Mwaka wa 1960, majuma machache baada ya uhuru, wakaoana.

Uhuru ulikuja na ngoma zake na vurugu zake. Wazungu wa imprimeri walifunga masanduku wakaondoka, wakawaachia Libérat na Léocadie funguo. Watu wakaanza kuleta kadi za harusi na matangazo ya mikutano ya vyama. Kazi ilikuwepo. Lakini Léocadie alikuwa na jambo lake moyoni.

Kulikuwa na kitabu cha zamani, wasikilizaji wapendwa, kilichoitwa Masimulizi ya Ukingo wa Ziwa. Kilichapwa kabla yeye hajazaliwa. Ndani yake mlikuwa na hadithi ya mfalme aliyetaka kupima kina cha ziwa kwa kamba, ya mjane aliyemnyonyesha mamba, ya mama aliyekwenda kuazima moto. Wazee wengi wa pwani hii walijifunza kusoma humo. Lakini kufikia uhuru, nakala nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa, na shuleni watoto walisomeshwa kwa Kifaransa. Léocadie aliitafuta nakala nzima mtaa kwa mtaa, akapata moja kwa bibi mmoja wa Kalundu, aliyeitoa kwa kusitasita kama mtu anayemtoa mtoto kwenda kulelewa. Léocadie akaileta nyumbani, akamwambia mumewe kwamba kitabu hiki lazima kichapwe upya.

Wakabishana. Libérat alitaka kukichapa kama kilivyo, nukta kwa nukta. Léocadie alisema hapana, mtoto wa leo atajikwaa kwenye maandishi ya kizamani na kukitupa. Mwishowe wakapatana. Tahajia ya zamani wakaibadilisha. Maneno ya zamani wakayaacha, na chini ya ukurasa wakaeleza maana yake. Utangulizi wakauondoa wote. Utangulizi ule ulisema hadithi zimekusanywa kwa wenyeji, lakini haukumtaja mwenyeji hata mmoja. Hilo lilimkera Léocadie. Akaenda Bwegera kwa wakulima wa mpunga, akaenda kwa wavuvi, akauliza ni nani aliyesimulia nini. Chini ya kila hadithi wakaliweka jina la mtu.

Herufi zao hazikutosha kitabu kizima. Walipanga kurasa chache, wakachapa, wakazibomoa, wakapanga nyingine. Léocadie alipanga nusu ya kwanza ya kila hadithi, Libérat akapanga nusu ya pili. Karatasi waliyoipata ilikuwa nyembamba, wino ukapenya hadi ng'ambo. Basi wakachapa upande mmoja tu, na upande wa pili ukabaki mweupe. Kumbukeni hilo, wasikilizaji. Upande mmoja hadithi, upande wa pili mweupe. Kufikia mwaka wa 1964 karatasi zote zilikuwa tayari, zimepangwa chumbani mpaka usawa wa dirisha, zikingoja kushonwa.

Mwezi wa tano mwaka huo waasi wakaingia Uvira.

Ninyi wenye umri mnaijua habari hiyo, sitairefusha. Barabara zikawekwa bariyeri za kuzuia watu, na bila lese-pase, yaani karatasi ya ruhusa ya kupita, mtu hakuvuka. Siku moja mchana akaja imprimeri komanda wa waasi, jina lake Sévère, na vijana wake. Alitaka lese-pase zichapwe. Libérat akamwambia kwamba karatasi hakuna mjini. Komanda akatazama rundo la karatasi, akainua moja, akaigeuza.

"Huku nyuma iko nyeupe," akasema.

Libérat alifumba macho. Léocadie, na Apolline mgongoni angali mchanga, aliona kwamba hapo hakuna mabishano. Mtu aliyewanyima watu hawa kitu alizikwa na jirani zake. Lakini pia hakuweza kunyamaza. Akasogea, akaishika karatasi upande wa pili, yeye na komanda wakawa wameishika pamoja.

"Chukua, komanda. Neno ni moja tu. Usizikate. Muntu akibeba lese-pase yako, abebe na ukurasa wangu muzima."

Sévère akasoma upande wenye maandishi. Akasoma kwa muda, midomo ikichezacheza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, vijana wake wasisikie: "Minye nilifundishwa kusoma mu hii kitabu."

Hakuzikata. Kwa miezi iliyofuata, kurasa za Masimulizi zilitoka nje ya Uvira moja moja, kwenye mifuko ya mashati, ndani ya vikapu, chini ya vilemba. Upande mmoja muhuri wa waasi, upande wa pili mjane na mamba wake.

Kabla mwaka haujaisha, jeshi likarudi. Mji ukapigwa mabomu. Léocadie alikimbilia milimani na mtoto. Libérat alikuwa naye njiani, kisha akasimama. Alikuwa amekumbuka nakala ya bibi wa Kalundu, ile moja, iliyobaki juu ya meza ya imprimeri. Alimwambia mkewe atangulie, atamkuta. Akageuka mbio. Paa la imprimeri lilianguka likiwaka, na Libérat hakutoka.

Apolline, aliyekuwa mgongoni siku hiyo, anatueleza kama alivyosimuliwa: "Mama hakulia mbele ya watu. Lakini miaka mbili hivi hakutaka kuona kitabu. Hata kitabu cha sala alimupatia jirani amushikie."

Risasi za herufi zilikuwa zimeyeyuka zikawa donge. Nakala ya zamani ilikuwa imeungua. Karatasi zilizosalia zilikuwa zimeungua. Léocadie akaanza kuuza ndagala kama mama yake.

Ni sokoni ndipo alipokuja kwake mwanamke wa milima ya juu, aliyeshuka na siagi ya ng'ombe. Jina lake Nyiramana. Wakati huo watu wa ziwa na watu wa milima walitazamana kwa jicho la pembeni. Kila upande ulikuwa na maiti wake wa kuwalilia. Nyiramana alingoja mpaka wateja wapungue. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa ndogo kama pakiti ya chumvi. Alisema karatasi hii ilimvusha bariyeri zote akimpeleka mwanawe mgonjwa Luvungi. Mtoto alipona. Sasa askari wanapekua nyumba, na atakayekutwa na muhuri wa waasi ameisha. Jirani zake walimwambia aitupe mtoni. Hakuweza. Akasikia kwamba mama aliyeichapa yupo sokoni Uvira.

"Dada, minye sijui kusoma," akasema. "Nisomee kwanza. Kisha uichome."

Léocadie aliikunjua. Katika mstari wa pili akaona u mahali pa n. Ulikuwa ukurasa wa Libérat.

Alisoma, wasikilizaji wapendwa. Alisoma ukurasa mzima, ndagala zikikauka mbele yake, na Nyiramana akasikiliza akiwa amechuchumaa. Mfalme aliivuta kamba yake kutoka ziwani, akaikuta imefungwa fundo ambalo hakulifunga yeye. Nyiramana akacheka, akaomba asomewe tena hapo. Baada ya hapo Léocadie akaazima kalamu kwa muuza chumvi, akaunakili ukurasa kwa mkono, neno kwa neno. Kisha akawasha kiberiti, akauchoma mbele ya mwenyewe, kama alivyoombwa. Alimwambia Apolline baadaye kwamba vidole viligoma kuiachia ile karatasi hadi moto ulipovifikia.

Tangu siku hiyo alianza kupeleka neno. Hakupitia tangazo wala barua. Alipitia wanawake: wauza mchele wa Bwegera, wauza mihogo wa Luvungi, mama za parokia, na Nyiramana akalipandisha neno milimani kwa Waprotestanti wenzake. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Mwenye ukurasa aulete. Hataulizwa jina. Atasomewa, na utachomwa akiona.

Na kurasa zikarudi. Zilirudi ndani ya mchele, ndani ya vitenge vya watoto, moja ndani ya mdomo wa samaki mkavu. Nyingine zilikuwa na damu, na Léocadie hakuuliza. Kila ukurasa aliusoma kwa sauti, akaunakili, akauchoma. Nyingi zilikuwa mkono wa Libérat. Aliziunguza kurasa za mumewe kwa mkono wake, ili watu wengine wabaki hai. Hilo naomba tulikumbuke pia.

Baada ya miaka, kitabu kilikaribia kutimia. Kilikosa ukurasa mmoja. Ulikuwa mwisho wa hadithi ya mama aliyekwenda kuazima moto. Mama yule aliwaacha watoto gizani, akavuka mto, akapewa kaa la moto katika kigae, akarudi kwenye mvua akilifunika kwa mwili wake. Ukurasa uliopatikana unaishia hivi: akafika nyumbani, akakuta mlango umefungwa, akaita. Basi. Ukurasa uliofuata, nao pia ulipangwa na Libérat, haukurudi kamwe.

Mwaka wa 1969 Léocadie akavuka mpaka hadi Bujumbura, kwa mchapaji aitwaye Pontien. Pontien alikuwa mtu wa kazi safi. Akamwambia kitabu hakiwezi kutoka na pengo, wasomaji watakirudisha wakidhani kimeharibika. Akamshauri atunge mwisho. Si aliisikia hadithi hiyo utotoni? Léocadie akajibu kwamba aliisikia kwa mama yake hivi, kwa bibi yake vile, na hakuna hata mwisho mmoja kati ya hiyo uliokuwa wa kitabu, ambao maneno yake hakuyakumbuka tena. Akaagiza ukurasa uachwe mweupe, na juu yake maneno machache: Mwenye kujua, aandike.

Kulikuwa na jambo la pili. Katika mstari wa mwisho wa ule ukurasa uliopatikana, Libérat alikuwa ameandika "uyumbani" badala ya "nyumbani", na Léocadie alikuwa amenakili vile vile. Pontien akachukua kalamu arekebishe. Mama akamshika mkono.

"Yote rekebisha," akasema. "Hiyo iache. Hiyo ni bwana yangu."

Kitabu kikatoka. Kikashuka Uvira kwenye magunia, kikapanda Bwegera, Luvungi, kikapanda milimani. Mpaka leo, mkikifungua, mtaikuta "uyumbani".

Matanga ya Mama Léocadie yalifanyika nyumbani kwake Rugenge. Watu walikuja na nakala zao bila kuambiana. Mchana mmoja wakaanza kusomeana ule ukurasa mweupe, kwa sababu kila nyumba ilikuwa imeuandika kivyake. Kwa mmoja, watoto walikuwa wametoka kumtafuta mama yao. Kwa mwingine, jirani ndiye aliyewafungia wasiumwe na fisi. Mzee mmoja wa Bwegera alikuwa ameandika kwamba mlango haukufungwa, ulivimba kwa mvua tu, sukuma kwa bega. Watu wakacheka kwenye kilio. Mjukuu wa Nyiramana alisoma mwisho wa bibi yake, aliouandikisha kwa mtoto kwa sababu hakujua kuandika: yule mama aliita, na sauti iliyomwitikia ilikuwa ya mtoto aliyepona.

Apolline akaileta nakala ya mama yake. Ukurasa ulikuwa mweupe kabisa.

"Nilimuuliza siku moja," Apolline anasema. "Mama, mbona weye haukuandika yako? Akaniambia: 'Minye ningali ku mulango, ninaita.'"

Wasikilizaji wapendwa, kwa Apolline, watoto wake na ukoo wote wa Rugenge, na kwa watu wa Nyiramana milimani, tunatoa pole kutoka moyoni. Mungu amlaze mahali pema Mama Léocadie. Tunaamini kwamba amefunguliwa mlango.

Na sisi tuliobaki, jioni hii kila mmoja ajiulize ni hadithi gani anaijua nusu, na nusu nyingine iko kwa nani. Kama mtu huyo angali hai, mwendee, hata kama anakaa upande ule usiozoea kwenda. Kaa chini, umwombe akusomee.