Springi Iliyokazwa kwa Uzito Wangu

JIWE: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi, shemeji. Simu nimeazima huku. Habari za hapo?

JIWE: Lo, fundi wangu! Nimeona namba ngeni nikajua ni wale matapeli wa "hongera, umeshinda gari." Nilikuwa nimeshaandaa matusi.

FUNDI: [anacheka kidogo] Uko salama lakini?

JIWE: Zaidi ya salama, nimebakiza kupaa! Mizigo imefungwa, buti nimezipaka mafuta zinang'aa kama za bwana harusi. Kesho alfajiri basi, kesho kutwa niko juu ya pikipiki, mnyama wangu, kwenye mstari wa kuanzia mbio. Yukoje? Lori halikumkwaruza?

FUNDI: Hana hata alama. Wakaguzi wamempitisha. Waliyashangaa yale matangi mawili, mmoja akauliza ametoka kiwanda gani.

JIWE: Ukamjibu?

FUNDI: Kiwanda cha uani, nyuma ya choo.

JIWE: [anacheka] Hapo umenena! Ungemwambia tulimwokota chakavu, injini imejaa mchanga, na sasa atavuka jangwa zima na—

FUNDI: Shemeji, samahani, mtandao huu haueleweki. Springi ya nyuma inalegezwaje?

JIWE: Inafanywaje?

FUNDI: Inalegezwa. Ngumu mno.

JIWE: Ngumu kwa nani?

[Mkwaruzo]

FUNDI: Haloo? Unakatika—

JIWE: Sikatiki. Nasikia hata mate unavyomeza. Ile springi niliikaza kwa uzito wangu, na wewe ndiye uliyemshikilia asianguke nikiwa nimemkalia. Mimi ninaitwa Jiwe, siitwi Unyoya. Anayetaka ilegee ni mtu mwepesi. Nani mwepesi huko?

FUNDI: Wakaguzi wali—

JIWE: Wakaguzi hawapandi! Wanatazama breki na taa, wanakwenda zao kunywa chai. Nani kampanda?

FUNDI: Mimi.

JIWE: Umemjaribu tu. Umemshusha kwenye lori ukamzungusha kidogo. Sema ndiyo.

FUNDI: Shemeji—

JIWE: Sema ndiyo, ndugu yangu.

FUNDI: Jina lililoandikwa ni langu. Orodha ya waendeshaji imefungwa mchana huu. Namba ninayo kifuani.

JIWE: Wewe. Mwembamba kama spoku ya gurudumu.

FUNDI: Naomba unisikilize.

JIWE: Nilikukabidhi ufunguo kwa mkono wangu! Nikakufungia mkate na maji ya njiani! Watu wakaniambia pikipiki haitangulii bila mwenyewe, nikawajibu, "Anayetangulia nayo ni mimi wa pili." Kumbe fisi nimempa bucha, na kisu nimemnolea!

FUNDI: Ulipoanguka mazoezini—

JIWE: Nikainuka!

FUNDI: Uliinuka ukamwita dada yangu kwa jina la marehemu mama yako.

JIWE: Nilikuwa natania.

FUNDI: Ukamwuliza chakula kiko tayari. Katikati ya mawe, shemeji. Hakuna nyumba, hakuna jiko.

JIWE: Nilikuwa natania, nimesema!

FUNDI: Huko mbele hakuna mtu kwa mwendo wa nusu siku. Ukianguka tena hivyo, nani atakuokota?

JIWE: Mbona hukuniambia hayo tukiwa tunapakia? Mdomo ulikuwa likizo?

FUNDI: Ungekubali?

JIWE: Ningekataa! Ningekataa usoni pako kama mwanaume, nawe ungenikatalia usoni pangu. Hiyo ndiyo heshima. Wewe umeniacha nipake buti mafuta.

FUNDI: Sikuamua peke yangu.

JIWE: Na nani?

[Mkwaruzo]

JIWE: Na nani, fundi?

FUNDI: Yupo hapo karibu?

JIWE: ...Nani, mke wangu?

FUNDI: Aliniomba akilia. Ningefanyaje? Ni dada yangu.

JIWE: Ngoja. [mbali na simu] Mama Mapacha. Mama Mapacha, wewe ulijua?

FUNDI: Anasemaje?

JIWE: Hasemi. Anashona.

FUNDI: Anashona nini?

JIWE: Suruali yangu ya mbio, pale gotini. Anajua sitaivaa, na anashona.

FUNDI: Usimgombeze, tafadhali. Hasira zote nipe mimi.

JIWE: Zitakutosha? Haya, nijibu moja tu, bila dada na bila machozi. Na wewe ulimtaka?

FUNDI: Nani?

JIWE: Mnyama. Ulimtaka?

FUNDI: Tangu siku tulipomwasha mara ya kwanza.

JIWE: Ahaa.

FUNDI: Lakini si kwa sababu hiyo—

JIWE: Basi. Hilo ndilo neno la kweli pekee nililolisikia leo. Kwa mengine yote mmenifunika huruma kama maiti, nami bado napumua.

FUNDI: Shemeji, nisamehe. Na springi... nikiiacha hivi, shimo la kwanza tu atanirusha.

JIWE: Atakurusha, ndiyo. Atakupeleka juu ukachungulie mwezi.

FUNDI: Kwa hiyo?

[Mkwaruzo]

JIWE: Una spana ile yenye ndoana?

FUNDI: Ninayo mkononi.

JIWE: Springi imeshikwa na pete mbili. Ya juu ni ya kufungia, ilegeze kwanza. Ya chini yake ndiyo inayokandamiza springi. Irudishe juu kidogo kidogo, na kila mara umkalie, miguu yote miwili juu. Nyuma ikishuka upana wa kiganja, simama hapo. Kisha kaza ya kufungia. Usisahau kuikaza, italegea kwenye mawe ikuue.

FUNDI: Nimeelewa. Mungu akubariki, she—

JIWE: Usinibariki. Na ukimaliza mbio, hata ukishinda, usimrudishe uani kwangu. Mtafutie pa kulala.

FUNDI: Ni wako huyu!

JIWE: Alikuwa amekazwa kwa uzito wangu. Ukishamlegeza, simjui.

FUNDI: Usiseme hivyo... [mlio mfupi] Aa, salio la watu linaisha. Tafadhali, mwambie dada nimefika salama, mwambie—

JIWE: Mwambie mwenyewe. Ninyi ndio mnaoambiana.

[Simu imekatika]