Mama Hodi Aliyeona Ndani ya Chungu Bila Kukifungua

ALIONA! Jamani, hili lisemwe kwanza, tena kwa sauti: shangazi yetu aliona ndani ya chungu cha kale kilichozibwa mdomo enzi ambazo hakuna aliye hai anayezijua, na hakukipasua, hakukitoboa, hakukikwaruza hata kidogo! Alikipiga picha tu. Siku ile alipigia simu ukoo mzima, hadi wale waliokuwa wamemnunia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kitindamimba wa fundi cherehani, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi. Akipewa zawadi, haifungui. Anaitikisa sikioni kwanza, anainusa, anaipapasa. Bibi alikuwa anasema, "Huyu atakuwa daktari au mwizi." Basi akaishia katikati.

Alimaliza sekondari 1990, akaenda chuo cha afya, akahitimu upigaji picha za eksirei mwaka 1994. Akaajiriwa hospitali. Mwaka 2003 makumbusho ya mjini wakaomba msaada: wana vitu vya kale, wanataka kujua vina nini ndani bila kuviharibu. Mwanzoni vililetwa hospitali Jumapili, vimeviringishwa kwenye magodoro, vinapitishwa mapokezi kama wagonjwa. Makumbusho walipopata mashine yao, akahamia huko moja kwa moja. Na kila kitu alikibishia hodi kabla ya kubonyeza. Sanduku, hodi. Kinyago, hodi. Wakimcheka anawajibu, "Unaingia ndani ya mtu bila kubisha? Umelelewa wapi wewe?" Ndiyo wakamwita Mama Hodi.

Sasa kuna siku kinyago kilionekana kina kitu kinang'aa tumboni. Ofisi nzima shangwe, mkuu anatafuta waandishi wa habari, shangazi anarukaruka. Seremala aliyekuwa anatengeneza makasha ya vyombo akamwangalia, akauliza taratibu, "Dada, hereni yako nyingine iko wapi?" Ilikuwa imedondoka chini ya kinyago. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2005, na seremala mpaka leo anasema yeye alioa sikio.

Walipata binti mwaka 2007. Mwaka 2010 wakapata wa kiume, akaishi miezi minne. Shangazi hakuwa anamzungumzia.

Chungu kilikuja 2022. Zile simu zote alizipiga baada ya picha ya kwanza, iliyoonyesha tu kwamba ndani kuna kitu. Picha ya pili ilitoka safi zaidi, na hiyo hakumpigia mtu. Alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Ndani ya chungu kulikuwa na mtoto mchanga, amejikunja. Mkononi ana bangili ya mtu mzima, kubwa mno kwake, imepandishwa mpaka begani isidondoke.

"Wa kwetu siku ya kumzika nilimfunga kitambaa changu cha kichwa," alimwambia mumewe. "Huyu naye kapewa bangili."

Toka hapo akawa mkali. Mkuu wa makumbusho alitaka chungu kifunguliwe mbele ya wageni, kwenye ukumbi mpya.

"Mama Hodi, watu watajaa."

"Mkuu, mimi nimebisha hodi. Aliyemo ndani hajasema karibu."

"Lakini ni sayansi."

"Sayansi si imeshaona? Unataka imshike?"

Mgongo ulianza kumuuma Septemba 2023. Alipopigwa picha yeye, daktari akaanza kwa upole, "Mama, tumeona kitu kidogo kwenye kongosho." Shangazi akasema, "Geuza skrini huku, mwanangu. Kidogo gani hicho?" Akaitazama picha yake mwenyewe, kisha akamsifu aliyeipiga. Alikataa kupasuliwa, kwa sababu alishaona hakuna kilichobaki cha kuokoa. Miezi ya mwisho ilikuwa mibaya, hatutawadanganya. Maumivu yalimfanya asimtambue hata binti yake.

Kabla ya hapo mkuu alimtembelea wodini, akamshika mkono, akasema, "Usijali kuhusu chungu. Tutasubiri mpaka upone." Shangazi alijua haponi.

Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, alfajiri, mumewe akiwa pembeni.

Ameacha mume, binti mmoja, mama mzazi, kaka wawili na sisi watoto wa kaka zake, tuliofundishwa kutikisa zawadi. Jeneza limefungwa na halitafunguliwa, ndivyo alivyoagiza. Anayetaka kumwona, picha ipo ukurasa wa mbele: amecheka, hereni zote mbili zipo. Alale salama, asibishiwe tena.

Mkuu yuko nasi hapa, mstari wa pili. Shikamoo, mkuu. Shangazi hakupona, na chungu bado hakijafunguliwa. Picha ya kilichomo ipo, iwekeni ukumbini watu waione. Mtoto mwacheni alipolazwa.

Na wewe uliyeshika karatasi hii, usiondoke nayo ukaikunja. Mpe mwenzako asome, au ipige picha uitume.